Hatamu Aliishika Nani? Tangazo la Farasi Dume katika Nyanda za Walowezi

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutajwa aghalabu pale mtu anapokosa kuhudhuria kikao na mambo yake yakaamuliwa bila yeye. Hata hivyo, yapo maandishi ambamo huyo asiyekuwapo hakukosa kuhudhuria. Alikuwapo tangu alfajiri hadi usiku wa manane, mkono wake umeshika kamba, ila kalamu ilimruka. Mojawapo ya maandishi hayo ni tangazo dogo la gazeti ambalo wapenzi wa fasihi huenda wasilione kuwa lina lolote la kuwafaa: tangazo la farasi dume anayetolewa na mwenyewe apande majike ya majirani kwa malipo.

Matangazo ya namna hii yalichapishwa kila msimu katika magazeti ya wilaya za kilimo za makoloni ya Uingereza, hasa Australia na New Zealand katika karne ya 19. Walowezi waliokuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao wakitokea Uingereza na Afrika Kusini, waliujua utanzu huu kama mtu ajuavyo sala za utotoni. Muundo wake haukubadilika sana. Jina la farasi lilitangulia, kwa herufi kubwa. Likafuatwa na rangi yake na kimo chake, ambacho hupimwa mabegani kwa viganja, kila kiganja kikiwa inchi 4. Kisha ikaja nasaba: baba yake fulani, mama yake binti wa fulani, babu yake mzaa mama aliyeshinda mbio fulani. Mwisho zikatajwa gharama: ada ya kupandisha kwa gini, malisho ya jike kwa wiki, na onyo kwamba mwenye dume hatawajibika endapo jike ataumia au atapotea. Pale ambapo dume alitembezwa kutoka shamba hadi shamba, ratiba ya safari yake nayo ilichapishwa, siku hii hapa, siku ile kule. Na mara nyingi palikuwa na kifungu kimoja kifupi kuliko vyote: shilingi kadhaa za mtunza farasi. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu aliyeshika hatamu alijitokeza. Alijitokeza kama kiasi cha fedha.

Mhakiki yeyote aliyezoea ushairi wa majigambo atatambua mara moja kinachofanywa na maandishi haya. Katika majigambo, mhusika hujitaja jina, akataja jina la babaye na la babu yake, akazihesabu vita alizopigana, na hadhira ikaitikia. Farasi hawezi kujigamba, kwa hiyo mwenyewe anajigamba kwa niaba yake, na utukufu wa mnyama ukamrudia bwana. Kukodisha dume kwa majirani kulikuwa biashara, ndiyo, lakini kulikuwa pia njia ya kuwaambia walowezi wenzake kwamba huyu bwana amefika, ana mali inayofaa kuigwa, na kwamba damu bora ya wilaya nzima itatoka katika zizi lake. Tangazo la farasi dume ni sifa. Ni sifa yenye bei.

Ili kuona sifa hiyo ilikuwa na uzito gani hapa Kenya, inafaa kulitazama eneo moja, Njoro, katika Bonde la Ufa, umbali mfupi tu kutoka Nakuru. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa huko Njoro ardhi ya ekari 100,000, na mwaka uliofuata mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai kutoka katika malisho yao ya bondeni. Mwaka huohuo wa 1904 ndipo ilipoundwa klabu ya mbio za farasi mjini Nairobi. Tarehe hizi zikipangwa pamoja hushangaza kidogo. Mji wenyewe ulikuwa bado mabanda ya mabati na matope, lakini tayari kulikuwa na klabu ya kuamua farasi wa nani ana kasi zaidi.

Farasi mwenyewe hakuwa mnyama wa mahali hapo. Jamii nyingi za bara ya Afrika Mashariki hazikuwa na farasi, na sababu haikuwa uzembe wala kukosa akili, kama baadhi ya wageni walivyopenda kudai. Sababu ilikuwa maradhi. Mbung'o walieneza nagana katika nchi za vichaka. Zaidi ya hayo kulikuwa na maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo virusi vyake hubebwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu viumavyo usiku. Farasi mgeni akishikwa na maradhi hayo huenda asubuhi akala vizuri, na kesho yake akaonekana amelala, povu limemjaa puani. Katika mlipuko mbaya hufa takriban farasi 9 kati ya 10. Punda milia, kwa upande wake, huyabeba maradhi hayohayo bila kuugua.

Huyo punda milia aliwatia wazungu tamaa. Katika miaka ya 1890 mwanasayansi James Cossar Ewart, kule Penicuik karibu na Edinburgh, alimchukua punda milia dume aliyeitwa Matopo akampandisha kwa majike ya farasi, ili achunguze urithi na pia aone kama chotara wake angeweza kufanya kazi barani Afrika pasipo kufa. Matopo naye aliingia katika kumbukumbu za sayansi kwa jina lake. Jaribio hilo lilitaka pia kupima imani moja ya kale ya wafugaji wa Ulaya: kwamba jike akipandwa mara ya kwanza na dume wa aina ya chini, watoto wake wote wa baadaye, hata wa dume bora, watabeba alama ya yule wa kwanza. Ewart alionyesha kuwa imani hiyo haina msingi. Lakini ni imani ambayo haikukaa zizini tu. Hofu ya damu kuchafuliwa ilisafiri kutoka kwa wanyama hadi kwa watu bila kulipa nauli, na koloni la walowezi lilikuwa mahali pazuri kwake pa kuishi.

Basi farasi bora wa Njoro hakuweza kuachwa malishoni ajitafutie. Uhai wake ulitegemea mikono ya watu, na mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika. Kiswahili kina neno la mtu huyu: saisi. Neno lenyewe limetoka Uarabuni na limeenea hadi Bara Hindi, na katika mashamba ya walowezi lilitumiwa hata na wazungu wasiojua sentensi tatu za Kiswahili. Saisi ndiye aliyemwingiza farasi bandani kabla ya jua kutua ili usubi usimpate. Ndiye aliyemsugua, akamlisha, akamtembeza, akazitazama kwato zake na kinyesi chake, akalala karibu naye.

Msimu wa kupandisha ulipofika, kazi yake iligeuka kuwa ya hatari. Farasi dume wa mbio ana uzito wa takriban nusu tani, na anapolinusa jike huwa si mnyama wa kuambiwa taratibu. Jike hujaribiwa kwanza kama yu tayari, aghalabu kwa kumsogezea dume mwingine asiye na thamani, ambaye kazi yake ni kupigwa mateke na kisha kuondolewa. Halafu jike hushikwa, pengine miguu yake ya nyuma ikafungwa, na dume bora akaletwa. Aliye karibu zaidi na kwato na meno ni mshika hatamu. Baada ya hapo ni takriban miezi 11 ya kungoja, na kwa kuwa majike wengi huzaa usiku, ni saisi anayekesha. Tangazo halisemi lolote kuhusu mkesha huo. Linasema mtoto ni wa dume fulani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Si kweli kwamba utawala wa kikoloni ulimwandika farasi ukasahau kumwandika mtu. Uliwaandika wote wawili. Farasi aliandikwa katika kitabu cha nasaba, ambacho toleo lake la mwanzo lilichapishwa Uingereza mwaka 1791, nacho kilieleza ametoka wapi, kizazi baada ya kizazi, ili apate kwenda popote na kupokewa kwa heshima. Saisi aliandikwa katika kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kwa mujibu wake mwanamume wa Kiafrika aliyetimu umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, majina ya waajiri wake na mishahara aliyolipwa, ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Aliyetoka kazini bila mwajiri kutia sahihi aliweza kusakwa na kushtakiwa. Kwa hivyo zizini palikuwa na viumbe wawili wenye karatasi. Karatasi ya mmoja ilimfungulia malango. Ya mwenzake ilieleza ni lango gani asilitoke. Na ikumbukwe ni nani kati yao aliyekuwa na kitu shingoni.

Wapo watakaosema ulinganisho huu umetiwa chumvi. Uingereza kwenyewe, watasema, mtunza farasi hakutajwa jina katika tangazo, naye alikuwa mzungu maskini kama maskini wengine. Lilikuwa suala la tabaka, si la rangi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa, maana ni kweli kuwa utanzu huu ulizaliwa na kimya chake tayari. Lakini mtunza farasi wa Uingereza hakukatazwa na sheria kufuga mnyama wake mwenyewe. Wa Njoro alikatazwa, kidogo kidogo, hadi akamaliziwa.

Historia ya kukatazwa huko ina neno lake, na neno hilo ni la Kiswahili. Familia nyingi, hasa za Wagikuyu, zilihamia mashamba ya Bonde la Ufa kama maskwota. Walitoa kazi, nao wakaruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kulisha ng'ombe, mbuzi na kondoo wao. Kwa wengi mifugo hiyo ndiyo iliyokuwa sababu hasa ya kuhama. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 walowezi, wengi wao wakiwa wameanza kufuga mifugo ya kigeni, wakaanza kuwaondoa ng'ombe wa maskwota, wakidai wanaleta maradhi na kuchafua damu. Maskwota waliuita msako huo kifagio. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake juu ya maskwota, amelihifadhi neno hilo. Mifugo ilifagiliwa kama takataka. Sheria ya mwaka 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuamua skwota abaki na wanyama wangapi, au asibaki na hata mmoja.

Neno kifagio linastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi yeyote wa stilistiki. Hakuna afisa aliyelibuni. Waliolibuni ni wale waliofagiwa, na walichukua chombo cha kawaida kabisa cha nyumbani wakakifanya jina la sera nzima. Ufupi wake unauma kuliko kurasa za malalamiko. Mlowezi aliandika tangazo, naye skwota akatunga neno moja. Likiwekwa kando ya tangazo la farasi dume, neno hilo linalijibu mstari kwa mstari: huku damu inapewa bei kwa gini, kule inafagiliwa.

Nje ya mashamba ya walowezi mambo hayakuwa tofauti sana. Katika maeneo waliyotengewa Waafrika, serikali iliwaona ng'ombe wa kienyeji kuwa ni wengi mno na duni mno. Mwaka 1938, huko Machakos, ng'ombe wa Wakamba walitwaliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakamba hawakunyamaza. Maelfu yao waliandamana hadi Nairobi kumwona Gavana, wakaongozwa na Muindi Mbingu, na Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Neno uhamishoni linarudisha mjadala Njoro kwa njia isiyotarajiwa. Miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa Njoro alikuwa Charles Clutterbuck, mfugaji na mfunza farasi wa mbio, na binti yake Beryl Markham, aliyezaliwa mwaka 1902, alikulia zizini humo kabla ya kupata umaarufu wa urubani. Katika kitabu chake West with the Night, kilichochapishwa mwaka 1942, yumo farasi dume aliyeitwa Camciscan, aliyeletwa kutoka Uingereza kwa meli na treni kuja kuiboresha damu ya zizi la babaye. Amepewa sura nzima, na kichwa cha sura hiyo kinamwita mtu wa kifalme aliye uhamishoni. Msomaji anaingizwa ndani ya fikra za mnyama: kiburi chake, upweke wake, kumbukumbu ya ukoo wake. Ni sura iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa na haifai kubezwa. Lakini msomaji Mkenya atakuwa mgumu wa moyo asipokumbuka kwamba katika koloni lilelile, miaka 4 tu kabla ya kitabu kutoka, mtu halisi alikuwa amepelekwa uhamishoni kwa kosa la kuwatetea ng'ombe wasio na nasaba.

Kwa haki, kitabu hicho kimefanya jambo ambalo tangazo haliwezi. Kimemtaja saisi kwa jina. Kibii, rafiki wa utotoni wa Beryl, alipoingia utu uzima akaitwa arap Ruta, naye alifanya kazi na Beryl katika mazizi ya farasi na baadaye karibu na ndege zake. Watoto hao walicheza pamoja kama walio sawa. Walipokutana tena wakubwa, mmoja alikuwa bibi wa farasi na mwingine mtumishi, na kitabu chenyewe hakifichi kwamba kuna kitu kilikuwa kimebadilika kati yao. Arap Ruta anajulikana leo kwa sababu rafiki yake aliandika. Masaisi wengine hawakuwa na rafiki mwandishi.

Nasaba yenyewe iliyowapa farasi hao heshima ilikuwa na siri ambayo wenyewe hawakuificha, ila hawakuizingatia. Farasi safi wa Kiingereza si wa Kiingereza. Kitabu cha nasaba kinaurudisha uzao wote wa kiume kwa madume watatu walioingizwa Uingereza kutoka nchi za mashariki kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao alinunuliwa Aleppo, nchini Shamu, akafika Uingereza mwaka 1704. Madume hao walipandishwa kwa majike waliokuwako, ambao wengi wao hata majina hawana. Huo unaoitwa usafi ni uchotara uliofungiwa mlango baada ya kukubaliwa. Wanafunzi wa Kiswahili wameusikia wimbo huu. Kwa miaka mingi lugha yao imeitwa chotara, mseto wa Kiarabu na Kibantu, na waliosema hivyo waliongea lugha yenye maneno ya Kifaransa na Kilatini katika kila sentensi. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha Ubantu wa Kiswahili kwa sarufi yake na kwa msamiati wake wa msingi. Hata hivyo, swali zuri zaidi si kama Kiswahili ni safi. Ni kwa nini usafi uwe kipimo cha thamani, na ni nani aliyekileta kipimo hicho shambani.

Kipimo hicho hakikuondoka na bendera mwaka 1963. Ken Walibora alipomwumba mtawala dhalimu wa Sokomoko katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (2012), alimpa jina la Mtemi Nasaba Bora. Wengi wa walioisoma riwaya hiyo katika shule za upili walilichukua jina hilo kama kejeli ya jumla kwa watu wa koo kubwa. Likisomwa kandokando ya tangazo la farasi dume linakuwa na makali zaidi, kwa sababu hilo ni jina la zizini. Mkoloni aliuza damu bora ya farasi wake, naye mrithi wake mweusi akajivika lebo hiyohiyo mwilini mwake mwenyewe. Na kampeni za uchaguzi wa mwaka 2022, zilizowagawa Wakenya kati ya wana wa nasaba na mahasla, zilionyesha kwamba wapiga kura wanaielewa lugha hiyo bila mkalimani, hata kama waliokuwa wakiizungumza majukwaani hawakuwa na haki sawa ya kujiita watu wa chini.

Lugha basi ndiyo hazina iliyobaki. Farasi alipoingia bara aliingia na jina lake la pwani: Wagikuyu humwita mbarathi, Wajaluo humwita faras, na nyuma ya matamshi yote hayo linasikika neno la Kiswahili. Yapo pia maneno hatamu, lijamu na tandiko. Hatamu limepanda cheo kuliko yote. Kila mtangazaji wa habari husema kiongozi fulani ameshika hatamu za uongozi, na hakuna anayejiuliza ni kwa nini katika historia ya nchi hii waliozishika hatamu zenyewe, za ngozi, kwa mikono yenye sugu, walikuwa watu wasio na uongozi wowote. Aliyepanda ndiye aliyeongoza. Aliyeshika alitembea kwa miguu. Sitiari yetu ya kisiasa imekosea mtu, au pengine imetabiri jambo ambalo bado halijatokea.

Upo pia upande wa sarufi. Mlowezi alizungumza na saisi kwa Kisetla, Kiswahili kilichonyofolewa viambishi vyake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Wanaisimu wameicheka sana lahaja hiyo, na wana haki ya kuicheka. Lakini kicheko hicho kimeficha swali. Kisetla kilikuwa nusu tu ya mazungumzo, nusu ya amri: lete, shika, ngoja. Nusu ya pili, Kiswahili ambacho masaisi walizungumza wao kwa wao bandani usiku, Mgikuyu na Mkipsigis na Mkamba na Msomali, wakieleza dume huyu ana tabia gani na jike yule atazaa lini, hiyo haikuandikiwa kitabu cha mazoezi. Je, yule dume wa kujaribia, anayepigwa mateke kisha akaondolewa, walimwita nani? Mtoto wa farasi aliyezaliwa akiwa amekufa walimtolea habari kwa bwana kwa maneno gani, ikijulikana lawama ingeangukia wapi? Walikuwa na nyimbo za kumtuliza farasi? Walimsema bwana kwa mafumbo gani mbele ya bwana mwenyewe?

Fasihi simulizi ya Kenya imekusanywa kwa bidii kubwa vijijini, kwa wazee wa ukoo na kwa manju wa ngoma, na karibu daima chini ya jina la kabila moja. Mazizi ya walowezi hayakuwa na kabila moja, na ndiyo maana yameangukia katikati ya mafaili. Hapo ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vinapopaswa kuingia, kwa kuwa lugha ya pamoja ya mabanda hayo haikuwa nyingine ila Kiswahili. Si lazima pangojwe ufadhili. Chuo Kikuu cha Egerton kimesimama Njoro kwenyewe, nacho kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya kuwafunza vijana wa kizungu kazi ya shamba. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko huko akitoka langoni na kinasa sauti hahitaji nauli kubwa. Wengine wanaweza kuanzia Ngong, Nairobi, ambako uwanja wa mbio za farasi umekuwako tangu mwaka 1954 na ambako ufundi wa saisi umeendelea kupokezanwa.

Magazeti ya wakati huo yanaweza kungoja. Karatasi zimewekwa, na nasaba za farasi hazitapotea. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955, akimshika dume kwa hatamu katika shamba fulani la Bonde la Ufa, sasa ana umri wa miaka 90 au zaidi.